Alama kwenye Kona ya Bonde

Mto ulikuwa umelowa.

Najua mtasema, kwani mto ukilowa kuna ajabu gani? Subirini. Huu haukuwa mto wa maji. Ulikuwa mto wa nyuzi, Kitinda ameufuma kwa mikono yake mwenyewe, mwembamba kama utepe, ukikatiza nguo kubwa ya ukutani iliyokuwa bado imetandwa kwenye kitanda cha kufumia. Asubuhi hiyo aliweka kiganja juu yake ili asawazishe uzi uliolegea, akakiondoa kinadondoka maji. Akatazama dari, dari kavu. Akamtazama paka aliyejilaza dirishani, akamwambia kwamba kama ni yeye, leo watajuana. Paka hakuwa na habari. Kitinda akanusa kile kiganja. Kilinuka tope bichi na majani yaliyopondwa.

Akajifuta kwenye gauni akaendelea na kazi. Siku hizo alikuwa na furaha kubwa mno, na mtu mwenye furaha hana muda wa kuulizana maswali na unyevu.

Kitinda ndiye aliyezaliwa mwisho katika nyumba ile. Jina hilo la utoto lilimganda mpaka akawa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu anazozing'oa kwa siri. Hakuolewa, hakuzaa, na kila jirani alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. Mwenyewe alikuwa na nyuzi. Mama yake alimfundisha kazi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa akimkalisha mkekani, anamwagia nyuzi mapajani, anamwinulia mmoja mmoja na kumuuliza kwa sauti ya polepole, "Huu ni wa rangi gani, mwanangu?" Akipatia, anabusiwa paji la uso. Akikosea, anabusiwa vilevile. Ndivyo alivyoijua dunia, rangi moja baada ya nyingine, kutoka kinywani mwa mama.

Dada yake ndiye kifungua mimba, na kazi yake ilikuwa kupika rangi. Uani, nyuma ya chumba cha kufumia, palikuwa na masufuria yake makubwa, meusi kwa masizi, na fimbo za kukorogea ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Dada alikuwa na watoto watatu, mume aliyekwenda kutafuta maisha na kuyatafuta mpaka leo, na mdomo wa kuuza kitu chochote kwa mtu yeyote. Wateja walimjua yeye. Nguo zikitoka nyumba ile, watu walisema ni nguo za Dada.

Sasa, watu wa kazi ile wana desturi yao. Kona ya chini ya nguo ikishafumwa, hushonwa alama ya mwenye kazi kwa sindano na uzi mwekundu, hata kama sehemu ya juu bado haijaanzwa. Alama ya Dada ilikuwa unyayo wa ndege, mistari mitatu tu. Alama ya Kitinda ilikuwa jani dogo lililojazwa uzi, alilochaguliwa na mama yake siku alipofuma kitambaa chake cha kwanza. Jani hilo lilionekana kwenye vitambaa vya meza na foronya. Nguo kubwa zote, hata zile ambazo Dada hakuzigusa isipokuwa kupika rangi zake, zilikuwa na unyayo wa ndege. Kitinda hakuwahi kulalamika. Lakini jambo hilo lilimkaa rohoni, na mara nyingine alipokuwa akikunja nguo ya kumkabidhi mteja, alikuwa akikunja ile kona kwanza ili asiione.

Nguo hii ya sasa waliiita Bonde. Lilikuwa bonde lenyewe hasa, lile walikotoka babu na bibi zao, mahali ambapo siku hizi hapana mtu. Vilima, chemchemi, mto, na pembeni mwa nguo mapambo ya pembetatu ambayo watu wa bonde lile walikuwa wakiyachora kwenye kuta za nyumba zao. Wenye jengo moja kubwa la mikutano waliiagiza waitundike ukumbini. Dada akasema rangi za dukani hazifai, Bonde litiwe rangi za bonde. Akapanda gari akaenda mwenyewe, akarudi na magunia ya udongo, magome, mizizi na majani.

Halafu Dada akaanza kuharibu kazi. Yeye, ambaye angeweza kupika rangi akiwa amelala, alitumbukiza nyuzi za kijani kwenye sufuria ya manjano, akabisha kwamba zote ni za manjano. Akasingizia moshi. Mama akamtazama, akamwita jikoni. Siku ile na iliyofuata, wawili hao walikuwa jikoni wakinong'ona, na kila Kitinda alipoingia walinyamaza na mmoja akaanza kuzungumzia vitunguu.

Siku ya tatu Kitinda aliinama kwenye kona ya Bonde akakuta unyayo wa ndege haupo. Palikuwa na jani. Jani lake, jekundu, limejazwa vizuri, limetulia.

Aliketi sakafuni akalia. Miaka yote ile, kumbe waliona. Alitoka mbio uani akamkuta Dada anakoroga, akamuuliza kama ni kweli amempa Bonde. Dada hakugeuka. Alisema ni lake, si amelifuma yeye. Kitinda akamkumbatia kwa nyuma, masizi yakamjaa shavuni, na Dada akasimama vilevile na fimbo yake mkononi, amekakamaa. Kitinda alidhani ni haya. Usiku huo Mama alimpakulia yeye kwanza, akamwekea finyango zote nono, akakaa anamtazama akila.

Basi ndiyo furaha niliyowaambia. Na mto ukalowa ndani ya furaha hiyo.

Rangi ya kwanza kuondoka ilikuwa kijani. Kitinda alikuwa anafuma kilima, Mama amekaa kando yake kwenye kigoda, akamwomba amrushie kidonge cha uzi wa kijani.

Mama akasema, "Unacho mkononi."

Kitinda akatazama. Mkononi alikuwa na kidonge cha rangi ya majivu. Akacheka, akamwambia Mama asimfanyie mzaha. Mama hakucheka. Alisema ni uchovu, anawe macho kwa maji baridi, apumzike. Aliyasema hayo haraka haraka, huku anajinyanyua na kuondoka, na magoti yake yale yalivyokuwa mabovu, Kitinda hakupata kumwona akiondoka kasi namna ile. Akaenda dirishani. Mti wa jirani ulikuwa umesimama palepale na majani yake yote, na yote yalikuwa ya majivu.

Manjano ikafuata. Yai alilokaanga asubuhi lilikuwa na kiini cheupe chenye uchafu, akaisukuma sahani. Buluu ikaondoka mchana mmoja akiwa njiani kutoka dukani; aliinua macho kuangalia kama mvua itanyesha akakuta mbingu haina jibu. Alisimama katikati ya njia na mfuko wake mpaka mwendesha baiskeli akamtukana. Na kadiri macho yake yalivyokauka, Bonde lilizidi kunawiri. Watoto wa Dada walikuwa wakija mlangoni wanasema, mama mdogo, nyasi zako zinang'aa. Yeye hakuona nyasi. Aliona vilima vya majivu na mto wa majivu, na katikati ya yote, kwenye kona, jani moja jekundu. Nyekundu tu ndiyo aliyobakiziwa.

Mfumaji asiyeona rangi ni nani? Alijiuliza hivyo usiku na mchana. Hakuwa na mume wa kumwegemea wala mtoto wa kumtunza. Alikuwa na macho na mikono, basi.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, nyumba yote imetulia, jua limesimama juu ya bati, watoto wako shule, Mama kajilaza na Dada katoka, Kitinda alikuwa peke yake mbele ya kitanda cha kufumia akihesabu nyuzi kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena, aliposikia tone. Likaanguka lingine. Akadhani ni bomba la uani. Lakini sauti ilitoka mbele yake, ndani ya nguo, na baada ya matone ikaja sauti ya mtu anayechota maji kwa kiganja na kuyaacha yarudi, anachota na kuyaacha yarudi, bila haraka, kama anayesubiri mwenyeji amalize shughuli zake, na ile harufu ya tope na majani ikapanda ikajaza chumba mpaka akaionja ulimini, na nyuzi zilizotandwa, ambazo hakuna aliyezigusa, zikaanza kutikisika kuanzia chini kwenda juu, na akataka kuinuka lakini miguu ilikuwa imelowa mpaka vifundoni na baridi yake ilikuwa imempanda hadi kiunoni, na kitu kikapita nyuma ya shingo yake, kikazunguka, kikasimama karibu mno kiasi kwamba hakuwa na nafasi ya kuvuta pumzi, kisha kidole gumba, kibichi, chenye chembechembe za mchanga, kikamgusa chini ya jicho la kushoto na kulivuta kope taratibu, kama mtu sokoni anayeangalia embe limeiva au bado.

Halafu sauti, ya chini, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikauliza, "Imebaki moja?"

Kitinda alikumbuka baadaye kwamba aliitikia kwa kichwa, na jambo hilo lilimtia aibu kuliko mengine yote.

Dada aliporudi alimkuta ameketi kwenye ngazi za nje, gauni limelowa chini. Kitinda alimwambia kwa kunong'ona kwamba ndani ya Bonde kuna mtu. Alitegemea Dada ashtuke, au amcheke, au amwambie kachanganyikiwa. Dada aliangalia kulia na kushoto akasema, "Usimwambie mtu." Hakuuliza mtu gani. Hapo ndipo moyo wa Kitinda ulipoanza kupata wasiwasi wa aina nyingine.

Hakumsikiliza. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Fundi Saa, mzee mfupi, msafi, mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na kituo cha posta. Watu walimpelekea saa zao mbele za watu na majini yao kwa siri, na kwa kazi zote mbili alitumia kimya kilekile. Alimsikiliza Kitinda bila kuinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua. Kitinda alipomaliza, mzee akafunga kibanda, wakaongozana.

Alipoingia chumba cha kufumia, Fundi Saa hakufukiza kitu wala hakupiga kelele. Alivua viatu, akanusa, akauliza udongo umechotwa wapi na nani. Mama na Dada walikuwa wamesimama mlangoni. Dada akasema ni yeye, kwenye chemchemi. Fundi Saa akamuuliza kama aliomba. Dada akaangalia chini. Wote walijua desturi ya kule, Bibi aliwasimulia mara nyingi: unasimama kando ya maji, unasema wewe ni nani na unataka nini, unangoja maji yatulie ndipo unachimba. Dada alisema mvua ilikuwa inakuja, dereva anapiga honi, akaona aah, mambo ya kale. Akachimba akaondoka.

"Sasa mwenyewe anarudisha vyake," Fundi Saa alisema. "Rangi aliyochukuliwa anaitoa machoni mwa aliyechukua. Lakini yeye hajui sura ya mtu. Anajua alama. Ilikuwa ya nani hii kazi, mwanzo?"

Kitinda aliwatazama wote wawili. Ile sufuria ya manjano ikamjia, na vitunguu vya jikoni, na mgongo wa Dada uliokakamaa, na finyango nono. Hawakumpa Bonde. Walimpa yeye kwa Bonde.

Akamgeukia Dada akamuuliza kwa sauti ndogo, "Ulinishonea jani langu ili nipofuke mimi?"

Dada akaanza kulia, akasema si yeye, wallahi si yeye aliyeshona.

Fundi Saa akatoa mfukoni ile lenzi yake ndogo ya kutazamia saa, akainama kwenye kona. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akampa Kitinda. Akasema unyayo wa ndege haukufumuliwa, uko palepale chini, jani limeshonwa juu yake kuufunika. Likifumuliwa na mkono uleule ulioshona, alama ya kwanza itaonekana, na mwenye chemchemi atamjua mtu wake. Hapo Dada aende kule akaombe radhi, na huwa anasamehe. Kitinda akauliza, je, akienda yeye mwenyewe kuomba? Mzee akatikisa kichwa. Mwenye kosa ndiye husamehewa, alisema, na yeye hana kosa la kusamehewa.

Kitinda aliweka lenzi jichoni. Jani likawa kubwa, kila mshono umelala sambamba na mwenzake. Mwishoni kabisa, kabla ya kukatwa, uzi ulikuwa umerudishwa nyuma mara mbili. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akimalizia hivyo. Alimfundisha yeye kuufanya mshono huo, mkekani, akimwambia kwamba uzi uliorudishwa mara mbili haufumuki maisha.

Hakuinua kichwa upesi. Alibaki ameinama, lenzi jichoni, kwa sababu alijua akiinuka atalazimika kumwona.

"Mama," alisema.

Mama alikuja akaketi kwenye kigoda chake. Hakukana. Alisema alijua tangu siku ya zile nyuzi za kijani, kwani Bibi alishamwambia kwamba mwenye chemchemi hufuata alama. Alisema kwa taratibu, kama anayeeleza bei ya kitu, kwamba dada yako ana watoto watatu wanaomtegemea, mume hayupo, wangekula nini. "Wewe huna wa kukulilia njaa," alisema. "Nilifikiri utakaa na mimi. Nilifikiri nitakuwa macho yako mpaka nife." Na kweli alikuwa analia. Hilo ndilo lililomuuma Kitinda zaidi, kwamba alikuwa analia kweli.

Fundi Saa akasema maneno yametosha, jua linashuka. Dada akaapa kwamba ataondoka alfajiri kwenda kuomba radhi. Mama akachukua sindano na mkasi mdogo, akainama kwenye kona, akakata lile fundo.

Mshono wa kwanza ukatoka, na mbingu ya dirishani ikawa ya buluu. Kitinda alishika ukingo wa kitanda cha kufumia. Mama akavuta mwingine na mwingine, na mwanga wa jioni ukaingia ukutani ukiwa wa manjano, manjano ya kweli, akasahau kila kitu akacheka kwa sauti. Halafu ncha ya kilima ikaanza kuota kijani, kidogo kidogo, toka juu kushuka. Alikuwa hajawahi kuliona Bonde na rangi zake zote. Alilifuma na hakuwahi kuliona hivi. Mungu wangu, lilikuwa zuri. Mto ukaanza kukauka, ile harufu ikapungua, na maji yaliyokuwa sakafuni yakajikusanya, yakasogea, yakaelekea mlangoni.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe mdogo, aliyetoka shule, amemshikilia sketi. Akamtazama mtoto. Akamshika kola ya shati, akaisogeza karibu na uso wake, akaigeuzageuza.

"Mama," Dada alinong'ona. "Shati la mtoto. Shati la mtoto limekuwa la majivu. Mama, kuna mtu nyuma yangu."

Mikono ya Mama ikasimama.

Kitinda alisema aendelee. Alisema imebaki mishono michache, na Dada ataenda kesho, si ameapa, kesho tu. Fundi Saa naye akasema aendelee, asikate njiani. Dada alikuwa akijifunika jicho la kushoto kwa mkono, na mtoto akaanza kumlilia. Mama akamtazama binti yake mkubwa mlangoni. Kisha akamtazama mdogo, kwa muda, kwa mapenzi, hilo siwezi kumnyima. Akalamba ncha ya uzi mwekundu, akautia kwenye tundu la sindano, akalirudia jani.

Fundi Saa akavaa viatu vyake. Alisema majini ameshayabembeleza mengi, lakini kwa jambo hili hana dawa, akatoka bila kuaga.

Kitinda angeweza kumpokonya sindano. Alikuwa na nguvu kuliko yule mwanamke mzee mwenye magoti mabovu. Lakini vilevile alikuwa mtoto wake, na hata pale, sindano ikishuka na kupanda, alikuwa bado anasubiri Mama aache mwenyewe. Kijani kikaondoka juu ya kilima. Manjano ikafifia ukutani. Dirisha likarudi kuwa majivu. Maji yakageuka mlangoni, yakarudi chumbani, yakamzunguka vifundo vya miguu, na kile kidole chenye mchanga kikatua chini ya jicho lake bila kutafuta, kwa kuwa sasa kilipajua mahali. Ikabaki nyekundu, uzi mmoja tu mkononi mwa mama yake, ukipita na kurudi. Kisha huo nao ukapoa.

"Mama," Kitinda aliuliza polepole, "huo ni wa rangi gani?"

Mama hakuinua kichwa.

"Mwekundu, mwanangu," alijibu, kwa sauti ileile ya mkekani. Akaurudisha uzi nyuma mara mbili, akakata.